Mtoto wa Chumba cha Kufulia

Jina la Mama Povu alipewa kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, wiki yake ya pili kazini kwenye shamba la maua, alipotoka na beseni la nguo za kuanika akakutana uso kwa uso na mmoja wa wapuliziaji dawa. Alikuwa amejifuta jasho kwa mkono wenye sabuni bila kujua, na povu limemkaa kidevuni.

"Mama Povu," yule mwanamume akamwambia, "ndevu hizo utazinyoa saa ngapi?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mikanda ya mabomba yao yasiwavute nyuma. Naye akacheka. Jina likamganda hapohapo, na miaka mitatu baadaye hata msimamizi aliyekuwa akiandika orodha ya wafanyakazi alilazimika kumuuliza jina lake la kweli.

Lilikuwa shamba la nyumba ndefu za plastiki, zimejipanga mstari mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye uzio, na maua yaliyolimwa humo yalikuwa ya kusafirishwa mbali. Ua moja likionekana na alama ya jino la mdudu, boksi zima linarudi. Kwa hiyo wanaume kumi na wanane walipita humo kila siku tangu alfajiri mpaka saa nane mchana, mabomba mgongoni, wakipuliza dawa juu ya majani, chini ya majani, na bila kutaka, juu yao wenyewe. Wakimaliza wanavua ovaroli zao za bluu mlangoni mwa chumba cha kufulia, wanaoga, wanapewa kila mtu kikombe cha maziwa ya kukata sumu, wanaenda zao. Ovaroli zinabaki na Mama Povu.

Kazi hiyo aliifanya peke yake, kwa mikono, katika chumba chenye dirisha moja na masinki matatu ya saruji. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya majani makavu, na mvuke wake ulikuwa na harufu ya vitunguu vilivyooza vikachanganywa na mafuta ya taa. Maji ya pili yalikuwa ya sabuni, ya tatu na ya nne ya kusuuza. Glavu alipewa jozi moja. Zilipotoboka vidoleni hakuomba nyingine. "Nikivaa glavu nitajuaje kama kola imetakata?" aliwaambia waliomuuliza. Kola ndiyo ilikuwa fahari yake. Sabuni ikibaki kwenye kola, shingo ya mpuliziaji inawaka siku nzima, na hakuna mpuliziaji aliyewahi kulalamikia kola ya Mama Povu. Jioni kichwa kilimgonga na macho yakamtoka machozi, lakini maziwa hakupewa, maana yeye hakuwa mpuliziaji, na orodha ya maziwa ilikuwa ya wapuliziaji.

Aliolewa na fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chake kwenye njia ya kwenda shambani, mtu mkimya, mwenye mikono myeusi kwa grisi na utani wa chinichini. Mimba ya kwanza ilipoingia, Mama Povu aliendelea kufua. Alifua mpaka mwezi wa nane, tumbo likigusa ukingo wa sinki na sehemu ya mbele ya gauni ikishinda imelowa. Mtoto alizaliwa wa kike, mdogo, kilo mbili na robo. Mkunga alimpokea kwa mkono mmoja akasema, "Huyu amekuja na haraka, mwili atauchukua baadaye."

Baada ya miezi mitatu alirudi kazini na mtoto wake. Hakuwa na wa kumwachia. Alichukua kreti la maua, akalitandika ovaroli safi zilizokunjwa, akaliweka kwenye kona chini ya dirisha, na hapo ndipo binti yake alipolala, alipokaa, alipoota meno. Alipoanza kutambaa alitambaa juu ya sakafu ile yenye maji, akivuta mikono ya ovaroli zilizokuwa zikisubiri kufuliwa na kuitia mdomoni. Wapuliziaji walimpenda. Walikuwa wakimwinua juu, bado na nguo za kazi, wakimwita msimamizi mdogo.

Mtoto alikuwa na miaka minne shamba liliponunua mashine mbili za kufulia. Mama Povu akahamishiwa chumba cha kufungashia, kazi ya mkasi na karatasi, mahali pakavu na pa baridi. Huko ndiko alikobeba mimba ya pili, ya mtoto wa kiume, aliyekuja kuwa mrefu na mwembamba, mla chakula asiyejua kusema basi, na hakuongezeka unene hata kidogo.

Binti ndiye aliyeongezeka. Alianza akiwa na miaka sita. Mwanzoni watu walimsifu, wakisema huyu nyumbani kwao anashiba. Mama yake akavimba kichwa. Alipofika miaka minane sifa zikakoma. Fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule alipitisha futi kiunoni mwake, akarudia tena kupima, akasema, "Mama, kitambaa hiki hakitoshi. Huyu ni wa kitambaa cha watu wazima." Wateja waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Mama Povu aliona aibu, na ile aibu, badala ya kuimeza, alimbebesha mtoto. Njiani alitembea mbele, hakumshika mkono.

Ni yeye aliyeanza kumwita Bonge. Kwanza kwa mzaha, halafu kwa hasira, halafu kwa mazoea tu, mpaka mdogo wake naye akajua kusema "Bonge anaitwa na mama" bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja jina la dada yake.

Chakula kikawa vita. Mezani mdogo mtu alipata viazi viwili, yeye kimoja. Mkate ulifungiwa kabatini, na ufunguo Mama Povu aliutia kwenye kamba akauvaa shingoni. "Mtazame mdogo wako," alisema kila siku ya Mungu. "Mmetoka tumbo moja. Mbona yeye ana umbo la mtu?"

Mume wake aliwahi kumwambia jambo. Ilikuwa mchana, wako uani, yeye akinyoosha spoku za gurudumu.

"Mama watoto, hebu niambie. Huyu mtoto anakula kiazi kimoja. Mimi nikiwa na homa nakula zaidi ya hicho. Sasa huo unene anautoa wapi?"

"Anakula kwa majirani."

"Umemwona?"

"Nimuone wa nini? Mwili wenyewe si unasema?"

Na kwa sababu mwili ulikuwa unasema, wiki ileile alimshika binti yake mkono, akiwa na miaka kumi, akampitisha nyumba tano za mtaa wao, mlango hadi mlango. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Jirani, nakuomba, huyu akija hapa msimpe kitu. Huyu ni mwizi wa chakula." Mtoto alisimama pembeni akitazama vidole vya miguu. Kwenye nyumba ya tatu mwenye nyumba alisema, "Lakini hajawahi kuja kuomba chochote hapa." Mama Povu akajibu, "Basi ni huko kwingine," akaendelea na nyumba ya nne.

Binti hakulia siku ile. Alisoma, akamaliza shule, akapata kazi mjini kwenye duka la miwani, nyuma kabisa, kwenye karakana ya kusaga lenzi. Ilimfaa. Alikuwa na mkono mtulivu na jicho la kuona kosa la unywele, na kule nyuma hakuna mteja aliyemtazama umbo. Mwenye duka, mzee mcheshi aliyevaa jozi mbili za miwani kwa wakati mmoja, moja puani na nyingine kichwani, alikuwa akisema, "Nikifa, macho yangu mpeni mtu yeyote, lakini mashine ya lenzi mpeni huyu."

Alikuwa na miaka ishirini na saba alipoanza kuona ukungu. Akajipima kwenye ubao wa herufi, akajisagia lenzi. Baada ya siku kumi zikawa hazimfai, akasaga nyingine. Wiki mbili tena, nyingine. Mzee akamkuta anatengeneza jozi ya tatu.

"Hizo za nani?"

"Zangu."

Mzee alivua miwani ya kichwani, akakaa kwenye kiti. "Mwanangu, macho hayahamihami hivyo. Acha hizo lenzi. Nenda leo ukapime sukari."

Sukari ilikuwa juu, na si sukari peke yake. Presha ilikuwa imepanda, na picha ilionyesha ini limejaa mafuta. Daktari alimuuliza anakula nini, akamjibu kwa ukweli, na daktari akamtazama kwa namna aliyoizoea tangu akiwa mdogo, ile ya mtu anayesubiri uongo umalizike.

Alikwenda nyumbani Jumapili kuwaambia. Walikuwa mezani wote, hata mdogo wake alikuwepo. Alisema kwa ufupi: ana kisukari, ameanza vidonge, ataenda kliniki kila mwezi. Kisha akamtazama mama yake.

"Nilikuambia," akasema Mama Povu.

Ndilo neno la kwanza lililomtoka. Baadaye alijitetea moyoni kwamba ilikuwa ni hofu, kwamba moyo ulimruka na ulimi ukatangulia. Huenda ni kweli. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mumewe aliweka kijiko chini. Binti alikunja leso yake vizuri, akachukua mkoba, akasema, "Kwaherini," akaondoka. Alikuwa na chumba chake karibu na duka la miwani, na kwa muda wa mwaka mzima alikuja nyumbani mara mbili tu, zote mbili mama yake akiwa hayupo.

Mama Povu alikuwa amestaafu kazi tayari habari zilipozunguka kwamba watu waliofanya kazi shambani miaka ile wanahitajika shuleni siku ya Jumamosi asubuhi, kuna watafiti wana maswali. Alikwenda kwa moyo mkunjufu. Alivaa vizuri. Hajawahi kuulizwa na mtu mwenye kalamu kuhusu kazi yake, na alihisi kama ameitwa kupewa cheti.

Walimkalisha kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa mbao. Mtafiti alikuwa mwanamke wa rika la binti yake, sauti ya upole, karatasi zimebanwa kwenye ubao mdogo.

"Shikamoo, mama. Karibu. Ulifanya kazi gani hasa pale?"

"Marahaba. Kufua. Ovaroli za wapuliziaji wote, mimi peke yangu."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine hii." Akainua mikono yake miwili. Mtafiti akatabasamu, akaandika.

"Glavu ulivaa?"

"Zilikuwa zinanichelewesha."

"Uliwahi kufua ukiwa mjamzito?"

"Mpaka mwezi wa nane. Sikukosa hata siku moja, waulize waliokuwepo."

"Huyo ni mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza. Wa pili nilikuwa nimeshahamia kufungashia."

"Na huyo wa kwanza, uzito wake wa kuzaliwa unaukumbuka?"

"Kilo mbili na robo."

"Uliporudi kazini ulimwacha na nani?"

"Nimwache na nani? Nilikuwa naye mwenyewe." Hapa sauti ya Mama Povu ilijaa. "Nilimtengenezea kitanda kwenye kreti la maua, juu ya ovaroli. Mtoto hakuwa na shida kabisa. Miaka minne nimemlea mle ndani, na kazi haikulala."

Kalamu ya mtafiti ilisimama. Haikusimama kwa muda mrefu, lakini Mama Povu alikuwa mtu wa kuangalia vitu vidogo, aliishi kwa kuangalia kola. Aliona kalamu imesimama kabla ya swali linalofuata.

"Utotoni, mama, aliwahi kuwa na unene uliozidi wa wenzake?"

"Ndiyo."

"Ulianza akiwa na umri gani?"

"Sita. Kwenye sita hivi."

"Na sasa, ana tatizo lolote? Sukari, presha?"

Mama Povu alitazama mezani. Kulikuwa na futi ya kitambaa, kama ya fundi cherehani, imeviringishwa vizuri, na mizani ya kupimia watu iko sakafuni karibu na mlango.

"Mnapima viuno vya watoto wetu," alisema. "Kwa nini?"

"Nitakueleza, mama, nikimaliza. Limebaki swali moja la hapa. Alikuwa anakula sana?"

Alifungua mdomo kujibu ndiyo. Jibu hilo amelitoa miaka ishirini, kwa fundi cherehani, kwa walimu, kwa milango mitano. Lakini alikuwa ametoka kujibu maswali tisa kwa ukweli mtupu na ulimi ulikuwa umeshazoea. Akakiona kile kiazi kimoja kwenye sahani. Akauona ufunguo kifuani kwake.

"Hapana," akasema. "Hakuwa anakula sana."

Mtafiti alimweleza basi, bila haraka. Kwamba sehemu mbalimbali watafiti wamewafuatilia watoto ambao mama zao walishika dawa za kuua wadudu wa mimea wakiwa na mimba. Wapo waliozaliwa wadogo, halafu walipofika umri wa shule wakaanza kunenepa kuliko wenzao. Inaelekea baadhi ya dawa hizo zinaweza kuuvuruga mwili wakati ndio kwanza unajifunza kutumia chakula, na mwili hujifunza mapema, tumboni na miaka ile ya mwanzo. Ukubwani wengine huja kusumbuliwa na sukari au ini.

"Kwa hiyo ni ile dawa," akasema Mama Povu.

"Siwezi kukuambia hivyo kwa mtoto mmoja, mama. Kuna kurithi, kuna maisha, kuna mambo mengi. Ndiyo maana tunawauliza wengi."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana."

"Na ulafi?"

Mtafiti alikuwa ameanza kukusanya karatasi. Alisita. "Ulafi haumo kwenye maswali yetu, mama," akasema.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Mumewe alikuwa kibandani, ameweka baiskeli kichwa chini miguu juu. Alimsimulia yote amesimama, hata mkoba hakuutua. Alipofika kwenye kreti akaangalia barabarani. Fundi baiskeli alifuta mikono kwa kitambaa kichafu, kidole kimoja kimoja.

"Unajua," akasema, "ile harufu mimi nilikuwa naipenda. Ukiingia tu ndani, najua mke wangu amerudi."

"Usinifanye nilie barabarani."

"Sikufanyi. Nakuambia tu kwamba wote tulikuwa ndani yake." Akazungusha gurudumu, akalisimamisha kwa kiganja. "Nenda kamwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimlaza kwenye sumu?"

"Mwambie hakuwa mwizi."

Ilimchukua siku tisa kupiga moyo konde. Alikwenda dukani saa ya chakula cha mchana, siku ya kazi, ili asiweze kukaa sana. Mzee wa miwani alimpokea, akamtazama kwa jozi ya chini kisha kwa ya juu, akamwelekeza nyuma. Binti alikuwa kwenye mashine, ameinamia lenzi, maji yakitiririka juu ya jiwe la kusagia. Alimwona mama yake, akainua kidole: subiri. Mama Povu akasubiri. Lenzi ilisagwa, ikakaushwa, ikashikwa mbele ya taa, ikarudishwa kwenye jiwe kidogo, ikakaushwa tena. Ndipo mashine ilipozimwa.

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Baba mzima?"

"Mzima. Nimekuja kwa ajili yako." Hakukuwa na kiti cha pili, akabaki amesimama. Alisema vibaya, alianzia mwisho, akarudi mwanzo, akachanganya maneno ya mtafiti na ya kwake. Alisema kuhusu sinki na tumbo lililolowa, na kreti, na ile mikono ya ovaroli iliyotiwa mdomoni. Alisema huenda mwili wake uliharibiwa kabla hata haujapewa kiazi cha kwanza. "Kwa hiyo hukuwa mlafi, mwanangu. Nimekuonea. Nimekuja kukuomba msamaha, maana sasa nimejua hukuwa na kosa."

Binti alikuwa akisafisha vidole vyake kwa kitambaa laini cha lenzi. Akakikunja.

"Na kama ningekuwa mlafi kweli?" akauliza.

"Unasemaje?"

"Kama ningekuwa mtoto wa miaka kumi, mlafi kweli, anayependa kula. Ingekuwa sawa kunipitisha kwenye ile milango?"

Mama Povu alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kufukuzwa. Swali hilo hakuwa amelifikiria hata kwa dakika moja katika zile siku tisa.

"Dawa hukujua, mama," binti akasema, sauti yake shwari, ileile ambayo mzee wa miwani aliitumia kwa wateja walioshindwa kusoma herufi za chini za ubao. "Hakuna aliyekuambia. Sina neno juu ya hilo, na nakuonea huruma kwa kichwa kilichokuwa kinakugonga kila jioni, nakumbuka ulivyokuwa unakifunga kitambaa. Lakini lile jina ulilijua. Ule ufunguo ulikuwa unauvaa kila asubuhi, unauvaa mwenyewe. Halafu nilikuja kuwaambia naumwa, ukaniambia uliniambia."

"Nisamehe."

"Sijui. Siwezi kukudanganya kwamba najua." Akatazama saa ya ukutani. "Nina jozi sita za kumaliza leo. Umekula?"

"Sijala."

Alitoa mfuko mezani, akakata mkate wake katikati, akampa mama yake nusu iliyo kubwa. Mama Povu alikula amesimama pale kwenye karakana, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Binti akawasha mashine.

Mtafiti alipotaka kumpima binti, binti alikataa. "Nimeshapimwa vya kutosha," alisema kwenye simu, kwa adabu. Mama Povu alitaka kumsihi, kwamba itasaidia watoto wa wengine. Akafunga mdomo. Ni kitu alichokuwa anajifunza uzeeni, na kilimpa shida kuliko ovaroli zote.

Kwanza alikosea kwa upande wa pili. Kila wiki alimtuma mdogo mtu na mabakuli ya chakula dukani, mawili, matatu, mpaka binti akapiga simu. "Mama, nina ugonjwa wa sukari. Ulininyima nilipokuwa na njaa, sasa unanilisha nikiwa kwenye vidonge. Nipumzishe." Baba mtu alicheka aliposimuliwa, akacheka mpaka akakohoa, na Mama Povu naye akacheka, halafu akaingia chumbani akafunga mlango.

Aliwaza sana kipindi hicho. Hakumwaza mwenye shamba, ingawa wenzake waliotoka shuleni siku ile walikuwa wanazungumza kwenda kumuuliza, naye alikubali jina lake liandikwe. Alimwaza yule mwanamke wa nyumba ya tatu, aliyesema mtoto hajawahi kuja kuomba. Alikuwa ameambiwa, basi. Aliambiwa waziwazi, mchana, na mtu asiye na sababu ya kudanganya, na mumewe naye alimwambia akiwa na gurudumu mkononi. Kama angesimama pale mlangoni, akageuka, akarudi na mtoto wake nyumbani, zingebaki nyumba mbili ambazo hazikusikia. Alijikuta anazihesabu, hizo mbili, kama kwamba zingekuwa kitu.

Binti alianza kuja tena, si kila Jumapili, baadhi tu. Lile jina halikutamkwa tena ndani ya nyumba, hata mdogo wake alijifunza, ingawa alitafuta muda mrefu cha kuweka mahali pake mpaka akaangukia "dada". Siku moja mezani dada huyo alinyoosha mkono kuchukua kipande cha pili cha mkate, na macho ya mama yake yakaenda kwenye ule mkono yenyewe, bila ruhusa. Binti aliona. Mama Povu akayahamisha macho dirishani, uso umemshuka, na fundi baiskeli akaanza kueleza kwa kirefu habari za tairi ambazo hakuna aliyeziuliza.

Jumapili iliyofuata binti hakuja. Ile iliyofuatia alikuja. Kabla ya kula alitoa pochi ndogo kwenye mkoba wake, akaifungua mezani, mbele yao wote. Hakuwa amewahi kufanya hivyo nyumbani. Siku zote alikuwa akienda kujipimia chooni. Akajichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kijiti, akaingiza kijiti kwenye kimashine. Wakasubiri wote wanne, hata kuku uani alisikika. Akasoma namba kwa sauti.

Mama Povu alijizuia, akashindwa. "Ni nzuri?" akauliza taratibu.

"Ni ya leo," binti akasema, akaanza kugawa sahani.